Siku Niliyopelekwa Nje

Wiki mbili zilizopita binti yangu alirudi kutoka shule na majani ya kivumbasi kwenye mfuko wa sketi. Mwalimu aliwaambia wakusanye majani ya aina tano. Yeye alikusanya ya aina moja tu, tena mengi, kwa sababu, alivyonieleza, hayo yananukia kuliko mengine yote. Nilipoigeuza sketi ili niifue, majani yalikuwa yameshasagika kwenye mshono, na harufu ikanipanda puani kabla sijajua ni ya nini. Nilikaa chini pale pale bafuni, juu ya ndoo niliyoigeuza. Binti yangu akachungulia mlangoni, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimepumzika kidogo.

Sisi tuliokulia Kariakoo harufu zetu tunazijua. Binzari kwenye magunia, plastiki mpya ya ndoo na mabeseni, samaki wa kukaanga, moshi wa malori, saruji mbichi ya ghorofa linalopanda hapo jirani. Kivumbasi mimi nilikijua nikiwa na miaka kumi na moja, na nilikijulia mahali ambapo niliamini nimepelekwa kufa.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya vyumba sita nyuma ya barabara ya Msimbazi, sisi tukiwa na viwili. Baba alitoka Masasi akiwa kijana, akawa anauza mapazia kwenye fremu ya duka la watu. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa uani, chini ya bati, karibu na bomba. Mimi nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa mdogo wangu Abuu, miaka mitano, mtoto mwenye kichwa kikubwa na maswali yasiyoisha. Akikuuliza jambo ukamjibu, anauliza tena kwa nini umemjibu hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya Ramadhani, au tuliyodhani ni ya mwisho, maana mwezi ulikuwa haujaandama. Mama alikuwa na magauni manne ya wateja hayajaisha na uzi wa zambarau umemwishia. Akanipa pesa na kipande cha kitambaa cha kufananishia rangi. Abuu akalia anataka kwenda. Mama hakuinua hata macho kwenye mshono. Alisema, "Nenda naye, Zai. Mshike mkono usimwachie."

Mnaoujua mtaa wa Kongo siku kama hiyo mnajua. Hutembei, unabebwa. Vitambaa vinaning'inia hadi usoni, kila meza ina spika yake, na kila mwenye meza anataja bei kana kwamba anakugombeza. Nilikuwa nimefunga, na koo lilikuwa limenikauka. Abuu hakufunga. Jirani alikuwa amempa pakiti ya ubuyu, naye akaila njia nzima, mkono mmoja kwenye ubuyu na mwingine kwenye wangu, na kila baada ya muda anabadilisha. Nilirudi nyumbani bila yeye.

Kilichotokea, niliwaambia, ni kwamba tulisukumwa. Ulikuja mkokoteni wa marobota, watu wakapiga kelele "Pisha! Mzigo huo!", tukasukumwa, mikono ikaachana. Niliieleza hivyo kwa Mama, kwa Baba, kwa polisi mmoja aliyekuwa na kalamu isiyoandika, na kwa kila jirani aliyeuliza. Tangu saa nne asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, mtaa mzima ulikuwa unamtafuta. Msikitini walitangaza kwa kipaza sauti: mtoto wa kiume, miaka mitano, amevaa fulana ya njano. Nililisikia jina la mdogo wangu likitoka angani, kwa sauti ya mtu nisiyemjua, nikajua kwamba sasa ameshakuwa kitu kingine. Nilijua majina yanayotangazwa pale ni ya waliokufa.

Walimpata dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Alikuwa kwenye duka la mashuka, mitaa mitatu kutoka pale, amelala juu ya robota. Mwenye duka, mzee mmoja Mpemba, alimkuta amesimama mlangoni, akampa biskuti, akamwambia akae mama yake atakuja. Mtoto akala, akalala. Baba alirudi naye begani, na watu wakafuturu uani kwetu kama kwenye harusi. Mama alimshika Abuu, akamnusa kichwa, akamshika tena. Mimi walinipa tende. Niliishika kiganjani hadi watu wakaondoka.

Asubuhi ya Idd nilivaa gauni langu jipya, nikafika kwenye mlango wa mbele, na miguu ikakataa.

Sijui niielezeje kwa mtu ambaye haijampata. Kizingiti kilikuwa kile kile, barabara ile ile, muuza kahawa yule yule. Lakini moyo ulianza kunidunda masikioni, vidole vikafa ganzi, hewa ikawa nzito kama ninavuta kupitia blanketi. Nikarudi ndani nikakaa kwenye korido. Wakanicheka kidogo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Shule ilipofunguliwa Baba alinibeba mgongoni, mimi niliye darasa la tano, na tulipofika kwenye kona ya kwanza nikatapika kwenye shati lake. Hakunigombeza. Alinirudisha, akabadilisha shati, akaenda kazini. Nilimsikia akimwambia Mama koridoni, "Sasa tufanyeje?"

Majirani walikuwa na huruma, lakini huruma yao ilikuwa na swali ndani yake. "Mtoto si amepatikana? Sasa unalia nini?" Kazi yangu ikawa kumlinda Abuu. Nilifunga pindo la kanga kwenye kaptura yake na pindo la pili kiunoni kwangu, tukakaa hivyo koridoni siku nzima, yeye akicheza na vifuniko vya soda, mimi nikimtazama. Alipotaka kwenda chooni tulienda wote. Mwanzoni alidhani ni mchezo. Baadaye akaanza kunipiga.

Jirani mmoja, mama Shamila, alisema ni jini limenipitia siku ile ya vurugu. Mama alinipeleka kwa shehe, nimefunikwa kanga gubigubi ndani ya bajaji ili nisiione barabara. Shehe alinisomea, akaniandikia kombe, aya zinazooshwa kwa maji, nikanywa, na wakati tunaondoka akamwambia Mama kwa upole, "Na hospitali pia mpeleke. Dua inaendelea, lakini mpeleke." Namshukuru mpaka leo kwa maneno hayo.

Ndivyo tulivyofika kwenye kituo cha afya, na ndiko nilikomkuta Sista Monica. Alikuwa nesi wa makamo, mnene, mwenye miwani aliyoining'iniza kwa kamba ya kiatu. Nilipomwamkia "Shikamoo" kwa sauti ya ndani ya kanga, akaitika "Marahaba, wewe uliyejificha," na hakuniambia nitoe uso. Aliongea nami kuhusu mambo mengine kabisa. Kisha akatoka, akasimama na wazazi wangu nyuma ya pazia, na ndipo nikasikia sentensi iliyonimaliza.

"Dawa ya huyu mtoto ni nje," alisema. "Mleteni Jumamosi, mimi mwenyewe nitampeleka."

"Nje?" Baba aliuliza. "Na ataweza?"

"Taratibu. Wako wenzake, hataenda peke yake."

Kwetu, ukisema mgonjwa anapelekwa nje, unamaanisha jambo moja. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na Bwana Shomari, aliyeumwa figo hadi akavimba miguu, madaktari wakasema apelekwe nje. Walimpeleka India. Tulimwona akiondoka amevaa koti siku ya jua kali, anapunga mkono kwenye taksi. Alirudi kwenye sanduku. Nilikuwa nimesimama barabarani siku hiyo, na nilikumbuka kwamba sanduku lilikuwa na maandishi ya Kiingereza.

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne. Sikulia wala sikuuliza, maana niliona wazazi wangu wameshakubali, na moyoni niliona ni haki. Nilimpa Abuu kompasi yangu yenye rula na penseli mbili. Nilimkalisha nikamfundisha kulitaja jina lake lote, la babu pia, na mtaa wetu, na duka analofanyia kazi Baba, hadi akaweza kuvitaja bila kusita. "Na ukipotea unamwambia nani?" "Mwenye duka." "Siyo mpita njia?" "Mwenye duka." Nilimwambia mimi nasafiri. Akaniuliza wapi. Nikamwambia nje. Akatazama uani, akaona nje ni pale, akaendelea kucheza. Jumamosi asubuhi nilivaa sweta la shule juu ya gauni, kwa sababu nilisikia nje kuna baridi. Mama aliliona, akaninyooshea kola. Nadhani alifurahi tu kwamba nimevaa.

Nilifunikwa kanga, nikapandishwa bajaji, Baba akanishika mabega. Safari ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. Ilisimama, nikabebwa, nikawekwa chini, na chini palikuwa laini. Kelele zote za mjini zilikuwa zimerudi nyuma, kama mtu amefunga mlango. Sauti ya Sista Monica ikasema, "Ukiwa tayari, toa jicho moja. La pili likipenda litafuata."

Nikatoa jicho moja. Niliona majani. Yalikuwa mengi, mabichi, yameanzia kwenye vidole vyangu yakaenda mbali hadi kwenye miti mikubwa ambayo sikujua majina yake. Kulikuwa na watoto kama saba wamekaa kwenye mkeka. Kulikuwa na ndege mkubwa wa buluu anatembea polepole akiburuta mkia, kama bibi harusi aliyekasirika.

"Hapa ndipo nje?" niliuliza.

"Ndiyo," akasema Sista. "Hapa ndipo nje."

"Hapa ni India?"

Sista Monica alinitazama, akalitazama sweta, akamtazama Baba. Nilimwona akielewa. Alichuchumaa mbele yangu, magoti yakamlia, akavua miwani. "Mwanangu," alisema, "hapa ni bustani ya mimea. Kariakoo iko pale nyuma, ukipiga kelele sana mama yako anaweza kukusikia. Utarudi nyumbani saa sita, utakula chakula cha nyumbani." Baba aligeuka akatazama miti, akajifuta uso kwa kiganja. Nilivua sweta. Sijawahi kuvua nguo nyingine yoyote kwa furaha kama ile.

Siku hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuvua viatu. Ndivyo Sista alivyofanya kazi. Kila Jumamosi alitupa kazi ndogo, na hakuna hata siku moja aliyoniuliza kilichotokea mtaa wa Kongo. Tulilala chali tukahesabu sauti, tukianzia ya mbali kabisa. Honi ya meli bandarini. Fundi anagonga chuma. Kunguru. Upepo kwenye mnazi. Pumzi yako mwenyewe. Ukifika kwenye pumzi yako unakuta imeshatulia bila wewe kuiambia. Tulimwagilia miche kwa makopo ya maziwa. Alituchumia majani akatufundisha kuyasugua viganjani na kuyanusa macho tukiwa tumefumba, na la kwanza alilonipa mimi lilikuwa la kivumbasi. "Likikushika lile jambo lako," alisema, "nusa, halafu uniambie linanukia kama nini." Jumamosi ya kwanza nilimwambia linanukia kama dawa. Ya pili nikamwambia kama chai. Wakati natafuta la kusema, moyo ulikuwa unasahau kudunda.

Watoto wenzangu kila mmoja alikuwa na lake. Hatukuambiana. Yupo mmoja aliyekuwa haongei na watu wazima, mwingine alikuwa hali. Rafiki yangu alikuwa Neema, wa Ilala, miaka tisa, ambaye nyumba yao iliungua na tangu siku hiyo hakuweza kukaa kwenye chumba mlango ukiwa umefungwa. Mimi siwezi kutoka, yeye hawezi kukaa ndani. Tulipogundua hilo tulicheka hadi tausi akakimbia.

Jambo moja tu nililikataa. Kulikuwa na mchezo wa kuongozana, mmoja anafumba macho na mwenzake anamshika mkono, anampitisha kati ya miti. Kuongozwa nilikubali. Kuongoza, hapana. Nilitikisa kichwa, nikaficha mikono nyuma. Sista akasema, "Basi, wewe shika kopo la maji," na hakurudia.

Huku nyuma alikuwa anafanya ujanja ambao niliuelewa nikiwa mtu mzima. Wiki tatu za mwanzo Baba alinileta hadi getini. Wiki ya nne Sista na watoto wote walikuja kunisubiri njiani, kwenye kivuli karibu na barabara, na tukamalizia kwa miguu. Wiki ya tano walinisubiri Mnazi Mmoja, karibu zaidi na kwetu. Ya saba walikuwa wamesimama kwenye kona ile ile niliyomtapikia Baba, watoto saba na nesi, kila mmoja na tawi la kivumbasi mkononi, na wauza maji wamesimama wanawashangaa. Nilitembea kutoka mlangoni kwetu hadi kwao. Ni hatua sitini hivi. Sikufunikwa kanga. Mama Shamila alipiga vigelegele dirishani, Mama akamwambia anyamaze asinishtue.

Lakini kifua hakikuwa kimefunguka. Kutembea nilikuwa natembea, shule nilianza kwenda nusu siku, na usiku nilikuwa bado nanyanyuka kumgusa Abuu kama yupo. Kulikuwa na kitu kimekaa pale katikati, kama mwiba wa samaki.

Mwisho wa muhula Sista alikodi basi dogo, akatupeleka Pugu, msituni. Sikujua kwamba karibu na mji wetu kuna mahali penye kivuli kizito hivyo. Ardhi ilikuwa inabonyea, inanukia unyevu na majani yaliyooza vizuri. Tulitembea kwa mstari, Sista mbele, dereva nyuma. Njia ilikuwa nyembamba yenye mizizi, na Neema akaogopa kujikwaa. Kabla sijasema neno akanishika mkono.

Nilimwachia ashike. Tulitembea hivyo labda dakika kumi. Kiganja chake kikaanza kutoa jasho, changu pia, vikawa vinateleza na kunata, na mimi, bila kufikiri, nikauvuta mkono wangu nikaufuta kwenye gauni. Nilipogeuka, Neema hakuwepo.

Nilipiga kelele ambayo sikujua kwamba ninayo. Ndege wakaruka. Sista alirudi mbio na mwili wake wote. Na Neema akainuka kutoka chini, hatua mbili kutoka nilipokuwa, ameshika kijiti. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mzizi mkubwa anamtazama jongoo. "Nini?" akasema. "Nini? Nyoka?"

Nikakaa kwenye majani makavu, nikalia hadi nikakohoa. Sista akamwambia dereva atangulie na wenzangu, akakaa chini karibu nami, sketi yake nyeupe kwenye udongo. Akangoja. Sikujua kwamba nitalisema hadi nilipolisikia.

"Sikusukumwa," nilisema. "Nilimwachia."

"Ulimwachia nani?"

"Abuu. Mkono wake ulikuwa unanata, ubuyu. Nikamwachia nifute mkono. Na kulikuwa na banio za nywele kwenye meza. Nikazitazama. Mkokoteni ulikuja baadaye. Nilidanganya watu wote. Na nilikuwa nimefunga."

Nilingoja aseme kitu kikubwa. Nilidhani atanisimamisha tuondoke, kwamba kwa watu kama mimi hakuna bustani. Sista akaokota jani, akaligeuza.

"Una miaka mingapi, Zaituni?"

"Kumi na moja."

"Mkono wa miaka kumi na moja unachoka," alisema. "Hata wangu unachoka. Ulimwachia kwa dakika moja ili ufute ubuyu. Halafu ukamshika kwa miezi mitatu bila kupumzika. Mimi naona inatosha."

Upepo ulipita juu, huku chini hatukuupata. Nilisikia kifua changu kikishuka, polepole, kama gunia linalofunguliwa.

"Kumwambia mama," akaendelea, "unaweza kumwambia wewe, naweza kumwambia mimi, au tukaliacha hapa hapa msituni, likakaa na jongoo. Uchaguzi ni wako."

"Nitamwambia mimi."

Nilimwambia siku ile ile, alasiri, tuliporudi. Alikuwa kwenye cherehani. Nilisimama upande wa mwanga nikasema yote kwa mpigo, ubuyu, banio, uongo, nikitazama mguu wake kwenye pedeli. Mguu ukasimama. Nilingoja kofi. Sikuinua macho hadi niliposikia sauti yake, na haikuwa ya hasira.

"Mimi ndiye niliyewatuma," Mama alisema. "Niliijua Kongo ilivyo siku ile. Kila mtu aliijua. Nikatuma mtoto mwenye saumu na mtoto mdogo, kwa ajili ya uzi." Akakisogeza kitambaa pembeni. "Nilikuwa nangoja useme ni kosa langu. Kila siku ukikaa pale koridoni na ile kanga, nilijua unanionyesha mimi kosa langu."

"Mimi? Hapana, Mama!"

"Nilijua unanionyesha mimi," akarudia, akaanza kulia na kucheka, akanivuta. Kumbe ndani ya vile vile vyumba viwili tulikuwa watu wawili tunaobeba kosa moja, kila mtu akimficha mwenzake. Baba naye, tuligundua, alikuwa amebeba lake, la kuwahi dukani siku ile badala ya kukaa na watoto. Mwenyewe Abuu, alipoulizwa, alisema alimfuata paka. Paka aliingia dukani. Biskuti zilikuwa za nazi. Hilo ndilo lililobaki kwake, na hata hilo sasa hivi hakumbuki. Ni mtu mzima, fundi umeme, ana ndevu, akinipigia simu nisipopokea mara moja ananitania kwamba nimepotea.

Sikupona siku moja. Yapo maeneo ya mji ambayo hadi leo nayapita kwa njia ya kuzunguka, na kuna Ramadhani ambazo kumi la mwisho nafunga mlango mapema. Lakini darasa la sita nililimaliza lote, na la saba nikaenda kufanya mtihani kwa miguu yangu. Watoto wale wa mkeka tulitawanyika. Neema ninaonana naye mara moja moja, analala milango imefungwa kama watu wengine. Sista alihamishiwa mkoa mwingine. Siku ya kuaga hakuhutubia, alitugawia miche.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mwaka ule kilitokea Jumamosi iliyofuata baada ya Pugu. Mama alifunga cherehani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jumamosi, akavaa baibui lake la kutokea, akasema anataka kuiona hiyo nje. Tulienda wote wanne kwa miguu. Alifika bustanini, akamsalimia Sista, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya mwenzake na hajui akae wapi.

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza.

"Vua viatu," nilimwambia.

Akavua. Akakaa kwenye majani, akanyoosha miguu, akaegemea kiwiko, kisha akaweka kichwa chini "kidogo tu." Kabla sisi hatujamaliza kuhesabu sauti, Mama alikuwa amelala. Alilala mdomo wazi, mkono umetupwa pembeni, usingizi mzito wa mtu ambaye hajalala kwa miezi. Baba alitaka kumwamsha, akaona aibu mbele ya watu. Sista akamzuia. "Mwacheni," akanong'ona, "hiyo ndiyo kazi yake ya leo." Basi watoto wote tulifanya shughuli zetu kwa kunyata, tukizunguka mbali naye, na tausi alipojaribu kusogea Neema alimnyooshea kidole, naye akaghairi. Saa sita ikapita. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mjini. Hakuna aliyesema twende.

Alipoamka alikuwa na alama za majani shavuni. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimelala?"

"Umelala, Mama."

"Abuu yuko wapi?"

"Yule pale, kwenye miche."

Akamtafuta kwa macho. Akamwona, amejilowesha hadi magotini, anamuuliza mtunza bustani swali lisiloisha. Alimtazama muda mrefu. Halafu akarudisha kichwa chini, akafumba macho.

"Basi niacheni kidogo," alisema, akalala tena.